Muuguzi Anajibu: Pini wekeni mbali, tazameni sakafu

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Nina miaka 23, naishi Kwale, kijiji cha ndani, pamoja na mama yangu na watoto wawili wa dada, wa miaka 9 na 6. Dada yuko Saudia mwaka wa pili sasa, kazi za nyumbani. Tangu kaskazi ianze watoto hawa wana funza. Mkubwa wamemjaa visiginoni na pembeni mwa kucha, mdogo mpaka vidole vya mikono. Kila Jumamosi mama huwakalisha mlangoni akawatoa kwa pini, wao wakapiga kelele mpaka majirani wakaja. Jumamosi ya pili yake wako vilevile. Jirani mmoja asema tuwachovye miguu katika dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwengine asema ni mambo ya watu, kuna mwenye kijicho kwa vile dada anatuma pesa. Juzi dada alipiga simu ya picha akamwona mdogo anatembea kwa ukingo wa wayo, akalia, simu ikakatwa. Ametuma pesa za viatu, nimenunua, na bado. Dawa ni ipi? Na tumewakosea nini watoto hawa, maana kuoga wanaoga?
Mama mdogo, Kwale

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Nianze na la haraka. Dawa ya ng'ombe isikaribie mguu wa mtoto. Dawa nyingi za kupe ni sumu ya mishipa ya fahamu, na mguu uliotobolewa kwa pini huinywa kama mchanga mkavu unywavyo maji. Nimewahi kupokea mtoto aliyechovywa hivyo: mate yakimchuruzika, jasho shingoni, mboni za macho zimesinyaa zikawa kama tundu la sindano. Tulimkimbiza hospitali kubwa usiku uleule, akapona, lakini mama yake mpaka leo tukikutana sokoni huinamisha uso. Mafuta ya taa, petroli na maji ya betri ni mambo yaleyale. Funza atakufa, na ngozi ya mtoto itakufa naye.

Sasa huyo jirani wa kijicho. Mwambie kwamba funza ni mgeni kwetu, tena tunayo meli iliyomleta na mwaka wake. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na Mhispania Oviedo aliandika habari zake mwaka 1526. Mwaka 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, Angola, na chini tumboni ilikuwa na mchanga wa kuipa uzito. Mchanga ukamwagwa ufukoni, na funza wamo. Toka hapo wakapanda nyayo za wapagazi na askari, wakavuka Kongo, na kabla miaka ya 1890 kwisha walikuwa wamefika Unguja na pwani yetu. Wazee wakimwita pia tekenya, na aliyewahi kuingiwa hahitaji kuelezwa kwa nini. Basi kama ni kijicho, ni kijicho kilichopanda meli miaka 150 iliyopita, kabla dada yako hajapata pasipoti.

Ngoja nikuonyeshe mdudu mwenyewe, kwa sababu ukimjua utaacha kumwogopa. Leo jioni, ukishamwosha mkubwa miguu kwa maji ya uvuguvugu, chukua tochi ya simu umtazame kisigino. Utaona duara jeupe limetuna, na katikati kitone cheusi. Huyo ni kiroboto jike. Alipokuwa nje alikuwa na kama milimita moja tu, mdogo kuliko viroboto wenzake wote. Dume na jike hufyonza damu, lakini anayeingia ngozini akafanya makao ni jike. Huingia kwa kichwa, akabakisha ncha ya nyuma nje. Kile kitone cheusi ndicho ncha hiyo. Hapo ndipo anapopumulia, ndipo anapojisaidia, ndipo dume humfuata, na ndipo anapotagia. Katika wiki moja hivi tumbo lake hufura likawa kama punje ya choroko, wengine hufika mbaazi. Tulia umtazame dakika chache: huenda ukaona kitu cheupe, kidogo mno, kikisukumwa nje ya kitone na kunata juu ya ngozi. Hilo ni yai.

Hutaga hivyo wiki 2 au 3, mayai 100, 200, halafu hufa yeye mwenyewe, palepale. Tangu kuingia hadi kufa na ngozi kumsukuma nje ni wiki 4 mpaka 6. Kwa hiyo funza unayemwona mguuni amekwisha kuhukumiwa. Hata usimguse, atakufa. Madhara yake kwako ni mawili: kidonda kinachoingia vijidudu vya usaha, na yale mayai.

Ndiyo maana nina ugomvi na pini. Ukimchokoa funza aliyefura, mara nyingi hupasuka, nusu ikatoka na nusu ikabaki, na kesho yake kidole kimevimba. Tundu unaloliacha ni mlango wazi wa pepopunda, maana mtoto anatoka mlangoni akaingia uani penye samadi. Na pini hiyo moja ikitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, na pengine ikaazimwa na jirani, inaweza kubeba homa ya ini ya aina ya B na hata virusi vya ukimwi. Mama usimlaumu. Anafanya alichofanyiwa.

Mimi mwenyewe bibi yangu alinitoa funza kwa mwiba wa mlimau, mbele ya koroboi. Kila mtoto alichumiwa mwiba wake. Kila funza aliyetoka mzima alitiwa kwenye ulimi wa moto, tukasikia pa!, tukacheka huku tunalia. Bibi hakuingia darasani hata siku moja, lakini alijua kwamba mwiba wa huyu hautumiwi kwa yule, na kwamba mayai hayarudishwi mchangani. Sisi tulioletewa pini za dukani tukayasahau yote mawili. Na nina deni langu hapo. Zamani nikiwa kazini niliitwa shule moja, jina naliacha, nikakuta watoto wenye funza wamepangwa mstari uwanjani, wenzao wamezunguka wakitazama, na mtu mzima anawachokoa kwa sindano moja anayoichovya kwenye kikombe cha spiriti. Nilikuwa nimevaa sare. Nilifungua mdomo alipofika mtoto wa tatu. Wale wawili wa kwanza bado nawakumbuka sura.

Dawa, basi. Iliyo bora leo inaitwa dimetikoni. Ni mafuta mepesi ya silikoni, hayana sumu ya kuua wadudu, na watu wengi huijua kama dawa ya chawa wa kichwani. Kazi yake ni ya kimitambo tu: inapenya kwenye ile ncha ya nyuma, inaziba, funza anakosa pumzi. Gatundu, hapahapa Kenya, watafiti waliwatibu watoto mguu mmoja kwa dimetikoni na wa pili kwa maji ya pamanganeti, yale ya zambarau. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Baada ya siku 7, funza 78 katika kila 100 walikuwa hawana dalili ya uhai upande wa dimetikoni. Upande wa pamanganeti ni 39. Mtoto yuleyule, uchafu uleule, vumbi lilelile. Mimi jaribio la namna hiyo hulipenda kwa sababu halikuachii pa kubishia.

Osha miguu kwa sabuni, kausha vizuri mpaka katikati ya vidole. Dondosha matone 2 au 3 juu ya kila kitone cheusi, ngoja yapenye, rudia. Usifute, usichokoe. Na mdogo asikae karibu na jiko wala koroboi mpaka yakauke, mafuta hayo hushika moto. Baada ya wiki watakuwa weusi na wakavu, na ngozi itawatema.

Ubaya ni kwamba hutaipata kila duka, na zahanati nyingi za vijijini hazina. Hilo huniudhi. Tunaletewa mabango yenye picha ya viatu, chupa ya mafuta haiji. Ulizia maduka makubwa ya dawa mjini kwa jina hilo hilo, na usikubali kupewa dawa nyingine ya chawa mradi ni ya chawa, maana nyingi ni sumu za wadudu na si kazi yake hapa.

Ukikosa kabisa, rudi kwenye pamanganeti: gramu 2 na nusu katika lita 5 za maji, mfamasia akupimie, si kukisia kwa kijiko. Koroga mpaka punje zote ziyeyuke, kwa sababu punje moja iliyobaki huunguza ngozi kama kaa. Loweka dakika 15, kausha, paka mafuta ya mgando. Miguu itabaki ya hudhurungi siku kadhaa, mdogo atachekwa shuleni, mwambie ni hina. Huku pwani yetu yamejaribiwa pia mafuta ya mbegu za mwarobaini yakichanganywa na ya nazi. Hayakuipita pamanganeti kwa kuua ndani ya siku 7, lakini miguu ilipoa uvimbe na maumivu vizuri zaidi. Nayo si haba.

Wapeleke zahanati mara moja ukiona usaha, homa, mguu umevimba kupita kifundo, au taya linakaza. Chukua na kadi zao za kliniki, muuguzi aone kama sindano ya pepopunda inahitaji kurudiwa. Na vile vidole vya mdogo, vya mkono, waache wavitazame wao.

Sasa swali lako la mwisho, kwamba kuoga wanaoga. Naam, wanaoga, halafu wanalala wapi? Hukuandika, nami nakisia: chumba cha sakafu ya udongo, mkeka au kitanda cha kamba, na udongo wenyewe kaskazi hii umekuwa unga. Hapo ndipo kiwanda kilipo. Yai hudondoka usiku mtoto akijikuna. Siku 3 au 4 linatoa kibuu, mdogo kama uzi uliokatwa, anaishi vumbini akila makombo na takataka. Baada ya wiki kama 3 kwa jumla ni kiroboto kipya, na anachotafuta ni mguu. Piga hesabu wewe mwenyewe: mtoto mwenye funza 20 hai, kila mmoja akitaga 100 tu, ni mayai 2,000 chumbani mwenu. Mama yako hutoa 20 Jumamosi. Ndiyo maana Jumamosi ya pili wako palepale, wala hakuna mlilowakosea.

Kila siku, kabla ya kufagia, nyunyiza maji. Ukifagia pakavu unatimua vumbi na kusambaza vibuu pembe zote. Anza chumba cha kulala, uvunguni na kwenye pembe, ndipo uje sebuleni; sisi wanawake tuna ugonjwa wa kufagia uwanja mpaka uchoreke mistari mizuri, na uvunguni hatuingii. Takataka ichome. Mkeka utoe jua kali, ukaukung'ute mbali na mlango.

Na viatu. Najua dada yako amelia na pesa ametuma, lakini kule Madagascar walilinganisha watu waliopewa viatu vizuri vya kufunika na watu waliopakwa miguuni mafuta ya kuzuia funza, ambayo sehemu yake kubwa ni mafuta ya nazi, mara mbili kwa siku. Waliopakwa mafuta walikaribia kuacha kabisa kuingiwa. Wenye viatu walipata nafuu kidogo tu. Sababu unaijua wewe kuliko mtafiti: ile jozi iko wapi sasa hivi? Ndani ya mfuko, juu ya kabati, inangoja Idi. Na hakuna mtoto anayelala na viatu. Wewe uko Kwale, nazi zinakuangukia kichwani. Zikune utoe mafuta, uwapake asubuhi na jioni, kifundo kwenda chini, bila kuruka katikati ya vidole.

Dada akituma tena, pesa ziwe za sakafu. Si nyumba nzima, chumba wanacholala tu. Mimi chumba cha wajukuu nilikitia sakafu mwaka niliostaafu. Fundi alichekecha udongo wa kichuguu, akauchanganya na saruji, akamwagia maji kidogo, akaushindilia siku nzima kwa gogo, kisha akapiga niru juu. Haing'ai kama ya benki. Inapigwa deki, inakauka, na kibuu hana pa kujificha. Saruji ikishindikana, kandikeni kwa udongo laini na mzibe kila ufa, na mkandike tena ukianza kupasuka.

Wiki ijayo dada akipiga simu ya picha, mwonyeshe sakafu kwanza, halafu miguu.

SWALI: Bi Muuguzi, kwetu Pangani, Tanga, tulikuwa tukigawiwa vidonge vya matende na mabusha, na mgawaji akasema vimo vya ivamektini vinavyoua na wadudu wa ngozini. Nilimeza vyote na nikawapa na vijana wangu. Funza wangu wawili wa kidole gumba hawakushtuka. Nimeze tena?
Mvuvi, Pangani

JIBU: Usimeze tena kwa ajili ya funza. Mgawaji hakukudanganya, ila alifupisha. Ivamektini ni dawa ya heshima: ilitokana na kijidudu cha kwenye udongo alichokiokota Satoshi Ōmura huko Japani, William Campbell akaishughulikia Marekani, na mwaka 2015 wakapewa tuzo ya Nobel. Inatibu usubi, inasaidia kukata matende, na upele inauua vizuri sana, dozi mbili zikipishana wiki moja au mbili, kwa kipimo cha uzito wa mwili. Kwa hivyo wale “wadudu wa ngozini” aliowasema ni wa upele. Funza wakajaribiwa nayo Brazil, watu wakameza vidonge kama wewe, na haikuonekana tofauti kati yao na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ya kupaka ilipojaribiwa ilipunguza funza kiasi, lakini hiyo si kidonge.

Vile ulivyomeza havikupotea, vimefanya kazi yao ya matende, na mwaka mwengine wakija meza tena. Wawili hao wa gumba, mtu mzima kama wewe, nenda zahanati wakutolee kwa sindano safi, yako peke yako, kidonda kifungwe. Kama una sukari usithubutu kujichokoa baharini kwa ndoana, nawajua wavuvi.

SWALI: Mbwa wangu analamba nyayo mpaka zimekuwa nyekundu, na mtoto wangu ametoka funza mmoja wiki hii. Kuna uhusiano?
Msomaji, Voi

JIBU: Upo. Funza habagui: mbwa, paka, panya, na huko Uganda nguruwe ndio hifadhi yake kubwa. Mlaze mbwa chali, mtenganishe vidole, tazama kwenye nyama laini za wayo na kuzunguka kucha. Utakuta vitone vyeusi vilevile. Muone daktari wa mifugo akupe dawa ya viroboto inayolingana na uzito wake, kwani ya ng'ombe inaweza kumuua mbwa pia. Usisahau pale anapolala: ondoa gunia alilolalia ulichome, mwagia maji, fagia, na umhamishie kwenye saruji au mbao. Nyuma ya nyumba kama kuna panya ghalani, tega mitego mapema, mbwa akishatibiwa panya ndio watakaowarudisha funza. Na mtoto mpake mafuta ya nazi kuanzia leo usiku.